Darasa la Mwalimu Nyumbu

Msinibishie, nilikuwa juu ya mti palepale shuleni, nikaona yote.

Mama Digidigi alimsihi Mwalimu Nyumbu, "Wafundishe wanangu kupiga kelele na kukimbia."

"Mama, hayo hayatoki kwenye mtihani. Hapa mtoto hasemi mpaka anyooshe ukwato na kuruhusiwa."

Siku hiyohiyo Fisi akaingia kwa dirisha lililo nyuma ya Mwalimu. Vijidigidigi wote wakamwona, wakanyoosha kwato, kimya.

"Shusheni! Maswali mwishoni."

Fisi akamrukia Mwalimu shingoni, akammaliza. Kisha akaligeukia darasa. "Haya, nani alikuwa na swali?"

Kwato zote zikainuka.

Hilo la kuuliza nimelitia mwenyewe. Fisi hakusema kitu, mdomo ulikuwa umejaa, na watoto walikuwa bado wanangoja ruhusa.