Arobaini Katika Nyumba ya Ngisi

Tangu kila nyumba ipewe kiumbe wa kilindini wa kumlea, hakuna aliyeringa kama Bi Mwanamize. Ngisi wake, wadogo kama kidole gumba, mabingwa wa kujigeuza rangi, walizaana vizuri wakati majirani wakizika viumbe wao. Kwa ajili yao aliishi bila taa, katika baridi ya bahari kuu, na bintiye akajifungulia humohumo gizani.

Siku ya arobaini alimtoa mjukuu nje, amemfunika khanga ya kijani yenye maua.

"Mfunue basi, shoga, tumwone!" alisema jirani yake, Bi Hidaya.

Akamfunua. Ngozi ya mtoto ikageuka polepole, ikawa kijani, mpaka maua yakatokea.

"Huyo ndiye wetu!" Bi Mwanamize akapiga kigelegele.

Bi Hidaya na majirani wengine wakarudi nyuma.