Mtaa wa Buluu

Kila siku ya kubadilisha zamu, Shebwana alicheza na wake zake wawili ule mchezo wa kununua mitaa kwa rangi. Leo zamu ilikuwa inahamia kwa Nuru, mke mdogo.

Mitaa ya buluu ndiyo ghali kuliko yote, nayo ni miwili tu. Mmoja alikuwa nao Nuru, wa pili Mwanajuma, mke mkubwa. Bila kadi zote za rangi moja, hakuna anayeruhusiwa kujenga.

"Dada, nipe hiyo nikupe kijani zote tatu," Nuru alisihi.

"Mpe, Bi Mkubwa," alisema Shebwana. "Wewe ndiye utakayefaidika. Tena buluu inampendeza mwenzio."

Mwanajuma alijua kweli angefaidika. Lakini mumewe alikwishaanza kumsogezea Nuru vijumba vya kujengea.

"Sitoi."

Alifilisika kabla ya magharibi, akarudisha kadi zake.

"Mbona buluu haimo?" Shebwana aliuliza.

"Itafuteni."

Alipogeuka mlangoni, walikuwa wakipekua chini ya mkeka, vichwa vyao vikigusana, wakicheka. Pembe ya kadi ilimchoma kiunoni, ndani ya fundo la kanga.