Kiapo cha Shamba la Mikorosho

Mzee Alawi alipoingia na mkongojo wake, Zuwena nusura apige kigelegele. Miaka saba alikuwa akiwatembeza wageni ndani ya mahakama kongwe ile ya njia ya Mkange, na kila siku akimsema mzee huyo. Leo kajileta mwenyewe!

Akaharakisha maelezo. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe, yalibebwa kutoka pwani vichwani mwa watu. Juu boriti za mikoko. Kizimba ndicho hicho, msikiegemee, kimeliwa na mchwa. Kisha akafika alipopataka, kwenye meza ya kiapo, akapandisha sauti.

"Hapa watu waliapishwa kwa Msahafu. Na huku kwetu, anayeapa uongo hamalizi siku arubaini. Lakini wapo wasio na haya! Nilikuwa na miaka sita baba yangu, Mgeni, aliposimama hapa kugombea shamba lake la mikorosho. Mwenziwe akala yamini ya uongo. Baba hakumaliza mwezi, akafa kwa uchungu. Adhabu ya Mungu nimeingoja mpaka nimechoka, ndiyo maana nasema mwenyewe. Shamba analila huyo hapo! Mtazameni vizuri!"

Wageni wakageuka wote. Mmoja akainua simu, akapiga picha. Zuwena alisikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Hata shikamoo, mwanangu?" Mzee Alawi aliuliza.

"Sikupi."

"Jana wamevunja posa ya mjukuu wangu Najma. Wanasema hawaoi kwenye ukoo wa mla yamini."

"Na bado! Nitawasema mpaka asibaki wa kukuzika. Kama si kweli, kanusha basi, mbele ya watu hawa!"

Mzee akajikalisha polepole kwenye benchi.

"Nimenyamaza miaka yote kumsitiri marehemu. Lakini Najma kakosa nini?"

"Marehemu gani? Sema!"

"Mimi sikuapa, Zuwena. Nilimwambia hakimu, baba yako Mgeni akiapa kwamba shamba ni lake, namwachia. Akaapa, nikamwachia. Siku ya ishirini na saba tukamzika. Mama yako hakungoja hata eda iishe, alikuja mwenyewe kunirudishia shamba, analia nimsamehe mumewe."