Zoezi la Nne

Evans alichana karatasi ya pili ya daftari la mkewe bila kuisoma, akaigeuza, akaandika mgongoni kwa kalamu iliyokaribia kuitoboa: "Naondoka. Usinitafute." Akaibandika kwenye friji. Karatasi ya kwanza alikuwa ameisoma mara tatu, na ilimtosha.

Juu yake mkewe, Adelina, aliandika: Zoezi la Nne. Kumbe matusi siku hizi yanafanyiwa mazoezi! Kisha, kwa mwandiko wake ule wa duara: "Mtu asiyejua wakati ni huyu. Akialikwa harusini, huwasema vibaya wanawake. Akimwona mtu katoka safari ndefu, humkokota wakatembee."

Nani huyo kama si yeye? Pale Thamesmead, kwenye harusi ya Stéphanie, nani alishika maiki akamwonya bwana harusi? Na mgeni wao Gervais aliposhuka kwenye ndege, hoi, nani alimtembeza Tottenham nzima kwenye mvua?

Ndoa ya miaka ishirini na sita, wamehama miji mitano, halafu leo anaanikwa mbele za watu kama nguo ya ndani!

Akafunga begi, akatia daftari kwapani, akaenda maktaba. Huko kila Jumamosi mchana, Mwalimu Kalpana, mzaliwa wa Mwanza aliyehamia Stanmore, huku Uingereza, aliwasomesha watu wa kazi za usafi na uuguzi maandiko ya kale, kwa Kiswahili. Leo Adelina hakuwepo. Alikuwa zamu kwa wazee anaowauguza mpaka saa kumi.

"Mwalimu, haya ndiyo mnayofundishana? Kuwavua waume nguo?"

"Karibu, mzee. Kaa kwanza."

"Sikai! Mke wangu hakanyagi hapa tena. Nani kamwambia aniandike?"

Kalpana akalipokea daftari, akasoma. Nyuma, mwanafunzi mmoja, Miradie, akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Shemeji," akauliza Winifrida aliyeketi kando yake, "kwani haya uliyafanya kweli?"

"Nani asiyejua?"

"Sisi. Tulikuwa tunakujua vingine kabisa."

"Mnanicheka?"

"Mzee," akasema Kalpana, "hii ni tafsiri tu. Aliyeandika ni mwanafalsafa wa Kiyunani, kafa zaidi ya miaka elfu mbili. Kuna mwanamke wa hapa Uingereza, mtunzi wa riwaya wa enzi za Malkia Viktoria. Uzeeni alipoandika insha zake za mwisho, msimulizi wake alimpa jina la Myunani huyuhuyu. Ndiyo maana tunawasoma wote wawili."

Evans akabaki kasimama na begi lake. Hasira ilikuwa bado imemjaa, ila haikuwa na mtu wa kumshukia.

"Sasa huyo Myunani," akafoka, "mimi alinijulia wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Hata yeye mdomo ulimcheza. Akalishusha begi chini, akavuta kiti.

Kalpana hakucheka. Alikuwa akipitisha kidole kwenye masalia ya karatasi iliyochanwa.

"Na iliyofuata iko wapi, mzee? Niliwaambia kila mmoja aandike habari za mtu anayemjua, aliye kinyume cha huyu. Ya Adelina niliisoma mbele ya darasa wiki iliyopita, watu wakalia. Aliipa jina 'Mume Wangu.'"

Evans akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa kumi na nusu, na basi la Adelina la kurudi nyumbani Jumamosi halichelewi.