Mambo ya Nyumbani

Mikate iliungua tena. Mwoka mikate alikuwa dirishani, macho kwenye kibanda cha fundi viatu ng'ambo ya barabara, ambako mke wake alikuwa ameketi kwenye kigoda.

Fundi alisema jambo kwa lugha ambayo mwoka mikate hakuielewa. Mke akalirudia polepole, akimtazama mdomo. Kisha wakacheka wote wawili.

"Shemeji, toa mikate," alisema mdogo wa mke, aliyekuwa akiuza kwenye kaunta. "Wewe tutakutoa baadaye."

Katika mji ule wa mpakani lugha zilikuwa nyingi kuliko mitaa, na mwoka mikate alijua Kiswahili peke yake. Mama yake alivuka mpaka akiwa na mimba yake, akaapa mwanawe asichekwe shuleni, akaiacha lugha ya kwao, akamlea kwa Kiswahili tu. Mke alikulia sokoni. Aliokota lugha kama wengine wanavyookota kuni. Jambo hilo halikuwahi kumkera mume, mpaka fundi yule alipokuja kutoka ng'ambo ya mpaka na kufungua kibanda kile.

Jioni alimuuliza wanazungumza nini na fundi.

"Mambo ya nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu," alijibu mke, akachukua bakuli la supu, akaenda kumlisha mkwewe chumba cha nyuma. Bibi huyo alikuwa amelala humo tangu kiharusi kimpige. Daktari alisema anatoa sauti tu, asisumbuliwe. Mwanawe alikuwa akimsalimia asubuhi kutoka mlangoni, kisha anakwenda kazini haraka. Hakuweza kumtazama akihangaika na ulimi.

Usingizi ulimpaa. Nyumba nzima haikuwa na kiatu kilichochanika, basi akabandua soli ya kiatu chake kwa kisu cha mikate, akakipeleka kibandani ili amwone huyo mtu kwa karibu. Alikuta kijana mtanashati, mpole, mwenye meno mazuri. Fundi alishona kiatu vizuri, akakataa malipo, akamuuliza mama anaendeleaje. Mwoka mikate alirudi dukani, akaukanda unga kwa ngumi. Mtu anamchukulia mke, halafu anamfanyia hisani na kumjulia hali mzazi.

Siku iliyofuata, mchana, kibanda kilikuwa kimefungwa. Mke naye hakuonekana dukani. Shemeji alisema amekwenda nyumbani mara moja.

Mwoka mikate hakuvua hata aproni. Njiani alikwisha kuamua: leo mke anarudi kwao, na vyombo vyake vyote.

Ukumbini alisimama. Sauti ya mke ilitoka ndani, laini, kwa maneno yaleyale ya kibandani. Sauti nyingine ikamjibu, nzito, ya kukwaruza, isiyokuwa na haraka. Ikaendelea kwa muda mrefu, ikipanda na kushuka kama ya mtu aliye kwake. Mke akaangua kicheko ambacho mumewe hakuwa amekisikia tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

Chumba cha kulala kilikuwa wazi, kitupu. Kicheko kilitoka chumba cha nyuma.

Akausukuma mlango.

Mama yake alikuwa ameegemea mito, mkono mmoja hewani, katikati ya kisa kwa lugha ya kwao. Mke alikuwa miguuni pake, akifuta machozi ya kicheko. Hapakuwa na mtu mwingine.

Walipomwona walinyamaza wote wawili, kama wenyeji wanavyonyamaza anapoingia mgeni.