Mkanda wa Kanali

Kifaa cha tatu cha kunyoosha mgongo wa farasi kilipofika, Bwana Duara alikifunga juu ya cha pili bila hata kukivua cha pili. Farasi akasimama katikati ya uwanja wa nyuma, mikanda kichwani, mikanda kifuani, mikanda tumboni, kama mzigo unaosubiri lori.

“Leo mgongo utanyanyuka,” alisema, akashika kamba ndefu na kuanza kumzungusha.

Mgongo haukunyanyuka. Farasi alikwenda kidevu kimebanwa kifuani, mgongo umebonyea vile vile, miguu ya nyuma ikiburuta vumbi. Klabu ya wapanda farasi ilikuwa ikipokea wanachama wapya, na farasi wa kila mwombaji angekaguliwa namna anavyoubeba mwili wake. Bwana Duara, muuza vigae, alikuwa amempanda huyu wake mara mbili tu, na mara zote mbili alishuka kabla hajapanga kushuka. Lakini uanachama aliutaka kuliko chakula. Jina la Duara alipewa na majirani, waliochoka kumwona kila asubuhi akizungushwa na farasi wake.

Barazani alikaa mama mkwe wake, miwani puani, simu mkononi. Alikuja kwa wiki mbili baada ya kufiwa na mumewe, na sasa alikuwa anamaliza mwaka. Nyumba ya marehemu iliuzwa na mwanawe wa kiume kabla machozi hayajakauka, na kwa mwanawe huyo angelala sakafuni sebuleni. Chumba cha wageni cha Bwana Duara ndicho pekee alichobaki nacho, na Bwana Duara alikuwa akikimezea mate.

“Baba,” aliita, “huyo mnyama mbona…”

“Mama, pumzika. Haya mambo yana wataalamu wake.”

Mama mkwe akapumzika. Akarudi kwenye simu yake, ambayo Bwana Duara hakuwahi kuipigia hata siku moja, na aliyoamini haina kitu ila mchezo wa karata.

Mtaalamu Bwana Duara alikuwa naye. Alimpata kwenye kundi la simu la wafuga farasi, mtu asiye na jina, mwenye picha ya tandiko tu. Siku alipouliza anunue kifaa gani cha kunyoosha mgongo, wenzake walimtajia vifaa hadi kizunguzungu kikampata. Huyu alimwuliza swali moja: “Unataka ainamishe kichwa, au anyanyue mgongo?”

Bwana Duara hakujua kama kuna tofauti. Mtu anayeuliza hivyo, akaamua, lazima awe mwanajeshi mstaafu wa kikosi cha farasi, na cheo chake si chini ya kanali. Akamwita Kanali. Kanali hakukataa.

“Vua mikanda yote,” Kanali aliandika jioni ya siku ya kifaa cha tatu. “Tafuta mmoja tu, wa mpira, laini. Upitishe nyuma ya mapaja yake ili akumbuke kuwa ana miguu ya nyuma. Kichwa mwachie. Na hilo duara lisogeze mbali na tangi, anaogopa maji yakilia.”

Habari za tangi zilimshangaza, maana hakukumbuka kuzitaja. Kisha akakumbuka picha alizotuma. “Jicho la kijeshi hilo!” alimwambia mkewe.

“Lakini mama naye alisema kuhusu tangi…”

“Mama yako kazoea farasi wa mikokoteni. Mwache na chai yake.”

Mkanda wa mpira ukafanya kazi. Siku baada ya siku shingo ikashuka kwa hiari, mgongo ukajaa, miguu ya nyuma ikaanza kukanyaga kwa nguvu. Bwana Duara alitembea kifua mbele utadhani mgongo ni wake. Kwa furaha akaanza kumwaga na siri za nyumbani. “Kanali, nina mama mkwe hapa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wangu hata jembe hawezi kulinyanyua, anachonyanyua ni kikombe tu.”

“Pole,” Kanali aliandika. “Endelea kumzungusha farasi kwa upole.”

Ukaguzi ulipokaribia, Bwana Duara alimsihi Kanali aje wasimame pamoja mbele ya klabu. “Ukae kwangu, hata mwaka, hata miaka. Chumba kipo.”

“Nilisikia kina mtu.”

“Anaondoka Ijumaa.”

“Na ukinichoka?”

“Mgongo huu ni wa kwako, Kanali. Chumba ni chako mpaka useme mwenyewe umechoka. Naapa, na mke wangu ni shahidi.”

Mke alikuwa pale, akimlilia mama yake. Bwana Duara alimwita aje aape naye. Mke akasoma ujumbe wote tangu juu mpaka chini, akafuta machozi, akaapa bila kubisha. Bwana Duara akafurahi kuona mwanamke ameanza kuwa na akili.

Ijumaa mama mkwe alitoka na begi lake. Hakugombana na mtu. Bwana Duara alimfungulia geti kwa mkono wake mwenyewe, akamtakia safari njema, akalifunga haraka. Mashuka mapya yakatandikwa. Akavaa suti, akampanga farasi pembeni, akasubiri.

Hodi ikapigwa.

Akalivuta geti, akasimama wima, akapiga saluti. “Karibu nyumbani, Kanali!”

Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale alipomwacha, begi mkononi, miwani puani.

“Shusha mkono, baba,” alisema akimpita kuingia ndani. “Huo ukanali ulinipa wewe. Mashuka mmeshabadilisha?”