Mtu wa Kabine

Mbuzi alishachinjwa, viti vilishapangwa kilimani, na mtu wa kabine alikuwa bado hajaonekana.

Papa Apollinaire alisimama katikati ya viwanja vyake, ndani ya suti yake ya harusi, akiitazama barabara ya Bukavu. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Wenye wasiwasi walikuwa wanunuzi, walimu wa Nyantende na mjane mmoja, waliokaa kama wanafunzi wanaongoja matokeo.

Kisa chenyewe hakikuwa kirefu. Ndugu zake walimruhusu akate kilima cha marehemu baba yao kiwe viwanja, kwa sharti moja: serikali ikikataa, kilima kinarudi kuwa shamba la maharage, na Apollinaire asiwaguse tena kwa habari ya ardhi. Ndipo akaja Fabiola, binti wa idara ya viwanja. Akapanda, akashuka, akatikisa kichwa.

"Papa, vyoo umechimba juu, source ya maji iko chini. Mvua ikinyesha, hawa watu watakunywa nini? Chimba vingine kule mbali, uvute na bomba ya maji. Kisha nitatia saini."

Kuchimba upya! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini Apollinaire hakujaliwa mgongo wa kuinama. Kila tatizo la dunia alilitafutia mtu.

Na mtu akapatikana. Kwenye matanga huko Nyalukemba, jirani wa kiti alimnong'oneza: "Unaona ule kijana mwenye kofia? Ignace. Ule njo mutu ya kabine."

Apollinaire akahama kiti papo hapo. Kwake yeye kabine ilikuwa moja tu, ile ya wakubwa wa mkoa, ambako simu moja hufungua milango yote.

"Kazi ya kabine iko aje, mon petit?"

"Nguvu sana, papa," alisema Ignace kwa upole. "Bakubwa wote ya hapa ninabajua. Mambo ikijaa mpaka juu, njo wananiita mbio. Lakini tukikutana mu barabara, hata bonjour hawanipatie."

Siri za serikali, Apollinaire alijiambia, na heshima ikamjaa kifuani. Akamweleza yote: kilima, maji, vyoo, yule binti mkaidi.

"Iyo njo kazi yangu kabisa," alisema Ignace. "Nitakuya miye mwenyewe. Vendredi."

"Nikupatie nini?"

"Ninachoka kupanga, papa. Unipatie tu kaparcelle kadogo."

Kadogo? Akampa kiwanja cha kona, chenye upepo mzuri, kile alichomwahidi mke wake. Mke huyo, Maman Chantal, aliuliza swali moja tu: "Kabine ya nani?" Akajibiwa kwamba mambo ya wakubwa hayaulizwi kama bei ya visamaki vya sambaza. Tangu hapo chumvi katika chakula chake ilizidi kila siku.

Sasa Ijumaa ilikuwa imefika, na Fabiola alikuwa amesimama kando ya chemchemi na faili lake kwapani. Kwa kweli alimhurumia mzee.

"Papa, sema tu kwamba utachimba vingine. Nitakuongezea muda, sitakataa leo."

"Muda wa nini?" Apollinaire alicheka mpaka tai ikapinda. "Weye ngoja. Kabine ikifika hapa, hautasema tena kitu juu ya vyoo vyangu!"

"Muko hakika, papa?"

"Mbele ya hawa watu wote! Kabine ikisema, njo imesema. Andika basi."

Fabiola akapumua, akafungua faili, akayaandika maneno hayo hayo. Ndugu za Apollinaire, waliokuwa wameketi nyuma karibu na sufuria ya mbuzi, wakatazamana.

Pikipiki ikanguruma bondeni. Watu wote wakainuka. Mjane akarekebisha kitambaa chake, walimu wakafunga vifungo, na Apollinaire akashuka mbio kumpokea mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Ignace alimpa mkono kila mtu, mpaka watoto. Kisha akavua koti, akavaa buti za mpira zilizomfika magotini, akafungua kamba nyuma ya pikipiki na kushusha ndoo na koleo.

"Bonjour, papa," alisema, akinusa hewa huku akivitazama vyoo kule juu. "Kabine njo zile? Munionyeshe yenye imejaa sana, nianze nayo."